Magugu ya Miaka Hayaondoki kwa Ngwe ya Siku Moja



Kila ukaribiapo msimu wa kuchuma karafuu, jambo la kwanza alifikirialo mwenye shamba ni kufyeka chini ya mikarafuu. Hutafuta vibarua, huwapimia ngwe, hukubaliana nao ujira, na baada ya siku chache shamba huwa jeupe. Mchumaji aweza kusimamisha ngazi yake, na mtoto aweza kuokota karafuu zilizoanguka. Mwenye shamba hulipa, na roho yake huridhika. Kisha mvua hunyesha, na kabla ya mwezi kwisha majani yamesimama pale pale, pengine mazito kuliko ya kwanza. Mwakani hulipa tena, na mwaka wa tatu hulipa tena. Ukimwuliza sababu, atakwambia kwamba vibarua wa siku hizi ni wavivu.

Mimi sikubaliani na maneno hayo, na ndiyo maana naandika haya kutoka huku Kigombe kuyaleta katika jarida letu. Lawama si ya kibarua. Kibarua amefanya kazi aliyopatana kuifanya, yaani kuyalaza majani yaonekanayo. Lawama ni ya mapatano yenyewe. Yako magugu ambayo uhai wake ni wa miaka, nasi twataka kuyaondoa kwa mapatano ya siku moja. Jambo hilo haliwezekani, hata tukilipa mara mbili.

Adui aliye chini ya ardhi

Yatupasa kwanza kutenganisha magugu ya namna mbili. Yako magugu ya msimu, mfano kishona nguo, ambayo huota kwa mbegu, huzaa mbegu nyingine, kisha hufa. Hayo ukiyakata kabla hayajazaa umeyashinda, na ngwe moja ikifanywa kwa wakati wake yatosha. Lakini yako na magugu ya kudumu, ambayo makao yake hasa ni chini ya ardhi. Jani tulionalo juu ni kama moshi wa jiko. Ukiupepea moshi hujauzima moto.

La kwanza katika hayo ni ndago, ambayo kila mtu wa pwani aijua. Chini yake mna vijiazi vidogo vyeusi, vimeungana kwa nyuzi kama shanga. Vingi hukaa karibu, katika shubiri moja ya udongo wa juu, na vichache hushuka zaidi. Kijiazi kilicho mbele kikiota, huvizuia vilivyo nyuma yake visiote. Navyo hulala vikingoja. Jembe lipitapo na kuikata ile nyuzi, kila kijiazi hubaki peke yake, huamka na kuota. Palipokuwa na mche mmoja sasa pana mitano. Kisha kila mche mpya, kabla ya wiki sita kwisha, huanza kufanya vijiazi vyake wenyewe. Mwaka 1977 wataalamu wa kilimo walitoa kitabu juu ya magugu mabaya kupita yote duniani, nao waliiweka ndago namba moja. Haikuwekwa hapo kwa ukubwa wake, maana ni jani dogo tu, bali kwa ugumu wake wa kuondoka.

La pili ni lile jani refu la ncha kali, lenye mizizi myeupe iliyochongoka kama sindano, lichanualo manyoya meupe kama pamba na kupeperushwa na upepo. Wengi tumezoea kuliita motomoto. Katika kitabu kile kile limo namba saba. Mizizi yake hutambaa chini, na kipande chenye kifundo kimoja tu chaweza kuota tena. Indonesia, nchi iliko asili ya karafuu na ambayo mpaka leo ndiyo izaayo nyingi kupita nchi zote, ina mamilioni ya hekta zilizofunikwa na jani hili hili. Wenyewe huliita alang-alang. Basi tusidhani kwamba taabu hii ni yetu peke yetu.

Mambo ya Kigombe

Kigombe ni kijiji cha pwani baina ya Tanga na Pangani, katika wilaya ya Muheza. Watu wake ni wavuvi na wakulima wa minazi, muhogo na kunde, na nyuma ya kijiji ndiko kwenye mashamba ya mkonge. Karafuu za wilaya hii haziko huku pwani; ziko milimani, upande wa Amani, ambako hulimwa pamoja na iliki, mdalasini na pilipili manga. Lakini magugu hayachagui zao, na mtu aweza kujifunza mengi juu ya ndago katika konde la muhogo.

Jambo moja huonekana wazi huku. Konde lililopandwa muhogo mbalimbali, likalimwa mara moja na kuachwa, ndago hujaa mpaka hutoboa viazi. Ukichimbua kiazi kitamu au muhogo katika ardhi ya namna hiyo utakuta ncha ya ndago imepenya ndani ya nyama yake, na sokoni kiazi hicho hakina bei. Lakini konde lililopandwa kwa kubana, muhogo juu, na kunde au viazi vitamu vimetandaa chini, likapaliliwa mara kwa mara mpaka majani ya mazao yakutane, ndago yake hufifia. Si kwamba imekufa yote. Imekosa jua, na ndago ni mtoto wa jua; kivulini hula akiba ya kijiazi chake bila ya kuirudisha. Motomoto nalo ni vivyo hivyo. Hutaliona limestawi chini ya mwembe mzito. Utaliona uwandani, penye jua tupu.

Na mkonge nao una fundisho lake. Zao hilo liliingia Tanganyika mwaka 1893, likaenea mpaka mwaka 1964 nchi ikatoa tani zipatazo 230,000. Baadaye bei ilianguka, mashamba mengi yakapungukiwa na watu na fedha, na sehemu ambazo zilipaliliwa kwa miaka mingi zikarudi kuwa msitu na majani marefu katika muda mfupi. Mkonge ni mmea mgumu, una miiba, haujali ukavu, hata hivyo ulifunikwa. Mkono wa mtu ulipokoma kurudi, majani hayakukoma. Sembuse mche wa mkarafuu.

Mkarafuu haupendi jembe la kina

Mtu atasema: ikiwa mizizi ya magugu ndiyo adui, basi tuichimbue yote. Maneno hayo ni kweli penye uwanda usio na miti. Katika kiangazi, tangu Januari mpaka Machi kabla ya masika, ardhi iliyo tupu yaweza kutifuliwa kwa jembe au uma, vijiazi na mizizi vikatolewa juu na kuanikwa. Wiki mbili za jua kali hukausha kijiazi cha ndago mpaka kufa, maadamu kimekaa juu ya ardhi wala hakikufunikwa na udongo. Kilichobaki hukusanywa na kuchomwa mbali na miti. Kazi hiyo ikifanywa katika vuli au masika ni hasara tupu, maana mvua hukipanda upya kila kijiazi tulichokikata.

Lakini chini ya mkarafuu mambo ni mengine. Mizizi ya mkarafuu ilishayo mti iko juu juu, karibu na uso wa ardhi. Mtu akipiga jembe la kina karibu na shina huikata mizizi hiyo, na mti hudhoofika wakati ule ule tunaodhani tumeusaidia. Kwa hiyo chini ya majani ya mti mkubwa tutumie panga na mundu, tukate chini sana, na yale yaliyokatwa tuyaache yawe matandazo, ila tusiyarundike kwenye shina. Karibu na mche mchanga tutumie mkono. Tung'oe polepole baada ya mvua, udongo ukiwa laini, ili kijiazi kije pamoja na jani.

Na moto tuuogope kuliko jembe. Gome la mkarafuu ni jembamba, na moto upitao chini kwa dakika chache hutosha kuuua mti uliochukua miaka sita hadi minane kabla ya kutoa karafuu zake za kwanza. Motomoto likikauka kiangazi huwaka kama petroli. Mwenye kutupa kipande cha sigara, mwenye kufukuza nyuki, mwenye kuchoma konde la jirani, kila mmoja aweza kuliwasha. Likisha kuungua, mizizi yake iko salama chini, na baada ya mvua ya kwanza ndilo la kwanza kuchipuka, tena huchanua upesi kuliko desturi yake. Mikarafuu imekufa, motomoto limeongezeka. Shamba la karafuu likipitiwa na moto mara mbili tatu hugeuka kuwa uwanda wa majani, na mwenyewe akaja kusema kwamba ardhi imechoka. Ardhi haikuchoka, imebadilisha mwenyeji.

Kivuli hufanya kazi usiku na mchana

Ikiwa hatuwezi kuchimba wala kuchoma, tumebakiwa na njia mbili za kwenda pamoja: kuyanyima magugu jua, na kuyarudia kila mara kabla hayajarudisha akiba yake.

Mahali penye hatari zaidi ni mapengo, pale mikarafuu ya zamani ilipokufa na miche mipya imepandwa. Miche hupandwa mbalimbali, kiasi cha hatua nane hadi kumi, na kwa miaka mingi ardhi iliyo baina yake hupigwa na jua. Tusipoipa kazi ardhi hiyo, ndago na motomoto vitaipa. Wazee wetu walijua hayo. Walipanda migomba na muhogo baina ya miche, mche ukapata kivuli ukiwa mchanga, na mwenye shamba akapata chakula. Baina yake zipandwe kunde au viazi vitamu vitambae. Muhogo usisogezwe mpaka kwenye shina la mche, maana nao hula ardhi.

Penye motomoto zito iko mimea ya kutambaa ya jamii ya maharagwe. Katika mashamba ya mpira ya Malaysia hutumiwa mmea uitwao pueraria. Kusini mwa nchi ya Benin, tangu miaka ya 1980, wakulima wengi walipanda mukuna, jamii ya upupu usiowasha, katika makonde waliyokwisha kuyaacha kwa ajili ya motomoto, na katika msimu mmoja au miwili wakaweza kuyalima tena. Walakini mwenye kuupanda baina ya mikarafuu ajue masharti yake. Upandwe mbali na mche, na kila wiki mbili tatu nyuzi zake zikatwe zisipande juu ya mche na kuusonga. Kiangazi hukauka, basi pawe na njia safi za kuzuia moto. Na nyoka hupenda kukaa ndani yake, kwa hiyo watoto wasiingie humo ovyo.

Iko na hila nyingine isiyo na gharama, itumiwayo Ufilipino na nchi jirani zake. Wakati wa mvua, motomoto likiwa refu kama kifua cha mtu, badala ya kulifyeka hulilaza kwa ubao au gogo, mtu akakanyaga mpaka mashina yakunjike chini. Jani lililokatwa huamsha mizizi ichipuke; jani lililokunjwa bila ya kukatika haliiamshi upesi, nalo hujifunika lenyewe kwa lenyewe likakosa jua. Watu wawili na ubao mmoja waweza kupita mahali pakubwa kwa asubuhi moja. Kazi hiyo hurudiwa mara mbili au tatu kwa mwaka, nayo yafaa hasa penye miche ambayo hatutaki kuigusa kwa panga.

Hesabu ya mwenye shamba

Najua jambo litakalosemwa: fedha iko wapi ya kulipa kila wiki tatu? Hebu tufanye hesabu ya mfano.

Tuseme mtu amezoea kulipa siku 20 za kazi mara moja kwa mwaka. Kwa miaka 5 amelipa siku 100, na magugu yapo kama yalivyokuwa, mwaka wa sita ataanza tena na siku zile zile 20. Sasa tuseme jirani yake, mwenye shamba kama lile, analipa siku 20 za kwanza, kisha kibarua yule yule arudi kila wiki tatu mara saba, kila mara kazi ikipungua: siku 10, 8, 6, 5, 4, 4 na 3. Mwaka wa kwanza amelipa siku 60. Mwaka wa pili, magugu yakiwa dhaifu, siku 20. Miaka mitatu ifuatayo siku 6 kila mwaka, za kutafuta yaliyochipuka hapa na pale. Jumla ni siku 98. Fedha iliyotoka ni karibu sawa sawa, lakini mwaka wa sita mmoja anaingia na siku 20 na mwingine na siku 6. Tena sikuhesabu muhogo na kunde alizovuna wa pili, wala miche iliyopona.

Shamba la kila mtu lina hesabu yake, na mwenye udongo wa mchanga hatakuwa sawa na mwenye udongo mzito. Lakini sura ya hesabu ndiyo hiyo. Bandu bandu huisha gogo, kwa sharti kwamba shoka lirudi pale pale. Ukilibandua gogo mara moja kwa mwaka, nalo likawa linakua, hutalimaliza.

Uzito wa shauri hili uko mwaka wa kwanza, nao ni uzito wa kweli. Asiye na fedha ya siku 60 asijaribu shamba zima. Achukue robo, ile yenye miche michanga, aishughulikie mpaka iwe safi, ndipo aende robo ya pili. Robo moja iliyo safi ina faida kuliko shamba zima lililokunwa juu juu.

Juu ya dawa

Wako wanachama watakaosema kwamba haya yote ni maneno ya zamani, siku hizi iko dawa ya kupiga. Si haki kuikataa dawa bila ya kuipima, wala si haki kuisifu kuliko kazi yake. Dawa iitwayo parakwati huunguza majani tu. Ndago na motomoto huungua leo, na baada ya wiki chache huchipuka kutoka mizizini, kwa hiyo kwa magugu ya kudumu ni panga lingine la bei kubwa. Tena ni sumu kali. Funda moja likinywewa laweza kuua, wala hakuna dawa ya kuiondoa mwilini. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeipiga marufuku tangu mwaka 2007. Mtu asiiweke nyumbani katika chupa ya soda.

Glaifoseti ni nyingine. Hiyo huingia katika jani na kushuka mpaka mzizini, na motomoto likipigwa wakati linapokua vizuri, hufa kweli. Kwa ndago huua kijiazi kilichotoa majani, lakini vile vilivyolala havipati kitu, navyo huota baadaye. Kwa hiyo hata mwenye dawa hana budi kurudi. Tone likipeperushwa na upepo kwenye majani ya mche wa mkarafuu, mche huumia. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliitia katika vitu ambavyo yaelekea vyaweza kuleta saratani. Serikali nyingi bado huiruhusu, na wataalamu wangali wakibishana. Visiwa vyetu sehemu nyingi ni mawe ya matumbawe, maji hupenya upesi, na visima viko karibu na mashamba. Wanunuzi wa nje nao hupima mabaki ya dawa katika viungo. Rai yangu ni kwamba dawa, kama itatumika, itumike na mtu aliyefundishwa, penye uwanda wa motomoto kabla ya kupanda, wala isiwe desturi ya kila mwaka chini ya mikarafuu izaayo.

Mapatano yetu ndiyo yenye kasoro

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hila zote nilizozitaja zahitaji mtu mmoja wa kurudi mahali pamoja kwa miaka miwili mitatu. Na ndilo jambo ambalo desturi zetu hazilitaki.

Kibarua wa ngwe hulipwa kwa eneo. Akikata juu juu amemaliza mapema, akichambua vijiazi kwa mkono amechelewa na ujira ni ule ule. Mwenye kukodi mikarafuu ya mtu kwa msimu mmoja hana haja ya mizizi ya motomoto, atachuma, ataondoka. Naye mwenye mali akingoja mpaka bei ijulikane ndipo aamue kufyeka, amekwisha chelewa, maana motomoto halingoji bei.

Zamani, kabla ya mwaka 1964, palikuwa na watu waliokaa katika mashamba ya wenye mikarafuu, wakilima muhogo na mazao mengine baina ya miti bila ya kulipa kodi. Kwa kulima kwao chakula, ardhi ilikuwa safi mwaka mzima, na mwenye miti hakuwa na gharama kubwa ya palizi. Mapatano hayo yalikuwa na dhuluma ndani yake, kwa kuwa mwenye kulima hakuwa na haki ya ardhi, na ugomvi wa siasa ulipozuka baada ya uchaguzi wa mwaka 1957 wengi walifukuzwa. Baada ya Mapinduzi ardhi nyingi iligawanywa eka tatu tatu. Sisemi turudi nyuma. Nasema kwamba katika desturi ile lilikuwamo jambo moja la maana, nalo ni kwamba aliyepalilia alikuwa na chakula chake pale pale, kwa hiyo alirudi bila ya kuitwa. Jambo hilo moja tuliokoe, na dhuluma tuiache ilikozikwa.

Shauri langu kwa Chama

Naomba mambo manne yafikiriwe katika mkutano wa wanachama.

Kwanza, Chama kiandike mfano wa mapatano ya palizi ya mwaka mzima, ambao kila mwanachama aweza kuutumia. Mfanyakazi awe mmoja, sehemu iwe moja, na ujira ulipwe kwa mafungu kila arudipo, na fungu la mwisho lilipwe wakati ardhi ikaguliwapo na kuonekana safi. Humo iandikwe wazi kwamba aweza kupanda kunde, viazi au muhogo katika mapengo, na kwamba mavuno hayo ni yake, au yagawanywe kama watakavyokubaliana. Asinyang'anywe kwa sababu ya maneno ya mdomo.

Pili, katika mapatano ya kukodi mikarafuu litiwe sharti la palizi, na anayekodi kwa miaka mitatu apewe bei nafuu kuliko wa msimu mmoja. Mwenye kukaa miaka mitatu ataona faida ya kuishi bila motomoto.

Tatu, majirani wapalilie mipaka pamoja. Eka tatu zina pande nne, na mizizi ya motomoto haisomi hati ya shamba. Mtu akisafisha kwake na jirani akaacha, mbegu zitaruka na mizizi itavuka. Siku mbili za kazi ya pamoja mpakani kabla ya masika zitaokoa siku nyingi za kila mmoja.

Nne, tuangalie miche na mbolea ivukayo bahari. Ndago haina mabawa. Husafiri ndani ya udongo. Miche ya viungo na ya matunda, samadi, hata mchanga wa vitalu, huvuka na majahazi na mashua baina ya pwani hii na visiwa, na kijiazi kimoja katika mfuko mmoja chatosha kuanzisha kizazi. Mwenye kununua mche aupekue udongo wake kwa vidole, na vitalu vya wanachama vitumie udongo uliochekechwa na kumwagiwa maji wiki tatu kabla ya kutiwa mbegu, ili kama imo ndago iote mapema na kuonekana. Mche wenye ndago urudishwe kwa mwenyewe, hata kama ni rahisi. Urahisi huo utalipwa kwa miaka.

Jambo la kwanza ndilo kubwa, na laweza kuanza msimu huu bila ya kungoja serikali wala mfadhili. Watu kumi wakikubali kujaribu robo moja moja ya mashamba yao kwa mapatano ya mwaka mzima, mwakani tutakuwa na la kuonyesha. Wasiokubali waje waangalie chini ya mikarafuu ya wale kumi wakati wa masika, waione ardhi kwa macho yao, kisha wahesabu wenyewe siku walizolipa.

Mwanachama,
Kigombe